Vimezidi

Mwalimu aligonga meza kwa mara ya nne, na chai ya Wakili ikamwagikia kitabu cha kanuni.

"Vimezidi!" alifoka. "Mtu mzima na ndevu zake anaulizwa habari ya binadamu, nchi nzima inamsikiliza, anajibu *vimezidi*. Mnataka ushahidi gani tena?"

Walikuwa watatu chumbani, chini ya feni inayozunguka inapojisikia. Wakili alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maadili ya midahalo. Mtangazaji alikwisha kustaafu redioni, akaondoka na sauti yake nzito. Mwalimu alifundisha sarufi miaka arobaini, na aliwekwa kwenye kamati kwa ajili ya siku kama hiyo. Tangu saa tatu asubuhi walikuwa wanabishania silabi moja, na sasa saa tisa ilikuwa inakaribia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kwenye mdahalo, mgombea aliulizwa atawafanyia nini watu wa ng'ambo ya mto, wale ambao babu zao waliletwa kuvunja kokoto na ambao rangi yao haifanani na ya wenyeji. Mgombea akacheka. "Vimezidi mjini," akasema. "Nikishinda, vitarudi vilikotoka." Wiki haikuisha, mama mmoja wa ng'ambo, fundi cherehani, akaleta barua ya malalamiko: bintiye wa darasa la tatu siku hizi haitwi jina shuleni, anaitwa "kile". Kamati ikisema huo ni ubaguzi wa rangi, mgombea ataomba radhi hewani, na kila shule itapelekewa waraka. Ikisema sivyo, mtoto atabaki kuwa "kile" mpaka amalize shule.

"Mgombea anasema alikusudia vibanda vyao vya biashara," alisema Mtangazaji. "Kibanda, vibanda. Vibanda vimezidi. Mwalimu, si ndiyo sarufi mliyotuchapia viboko?"

"Na vibanda vina kwao? Vitarudi vilikotoka kwa miguu?"

Wakili alikuwa anakausha kanuni kwa leso. "Mwalimu, hapa pameandikwa kutukana rangi, kutishia, kuchochea. Rangi hakuitaja. Tukianza kukamata viambishi, nani atapona? Mimi bibi yangu aliniita kitoto mpaka siku naolewa."

"Na mama watoto huniita 'kibabu changu'," Mtangazaji akadakia, "wala sijamshtaki."

Wakacheka wote wawili. Mwalimu hakucheka. Miaka arobaini ya kumpigia mbuzi gitaa, na safari hii mbuzi wenyewe wana shahada!

"Mapenzi yana *ki* yake, na dharau ina *ki* yake," alisema, akijilazimisha kwenda polepole kama aliye mbele ya ubao. "Hebu nisikilizeni. Kipofu ni *ki*, lakini tunasema kipofu amekuja. Kuku hana cheo, lakini tunasema kuku amekula. Hata mende tunayemponda kwa ndala, tunasema amekufa. Kila mwenye roho, lugha yetu inampa heshima hiyo. Huyu bwana amewapokonya. Rangi hakuitaja, tusi hakutukana, lakini amewashusha chini ya mende."

Wakili aliacha kufuta.

"Labda tumwite huyo mama," alisema Mtangazaji. "Yupo hapo nje na mwanawe tangu asubuhi. Atueleze mwenyewe alivyoumia."

"Wa nini?" Mwalimu alipunga mkono. "Hili ni suala la ngeli. Ngeli atazijulia wapi?" Barua ya fundi ilikuwa mbele yake, imejaa wino mwekundu. Alikuwa amemsahihishia makosa kumi na moja.

"Basi mimi bado naona ni ulimi uliteleza," alisema Mtangazaji.

Hapo Mwalimu alivuta kiti, akakaa uso kwa uso naye. "Haya, mzee mwenzangu. Chukua sauti yako ya taarifa ya habari. Sema: watangazaji wastaafu vimezidi mjini."

Mtangazaji akakohoa, akaanza kwa mbwembwe. "Watangazaji wastaafu vime..." Akanyamaza. Akajaribu tena, neno likamkwama. Uso ukamwiva.

"Unaniita kitu, mimi?"

"Mimi sijasema. Umesema mwenyewe, na ulimi wako haukuteleza."

Mtangazaji aliitazama meza. Mwishowe akainua mkono. "Andikeni ni ubaguzi," akasema, na sauti yake yote ya redio haikufika hata dirishani. Wakili aliwatazama kwa zamu, akakifunga kitabu chake kilicholowa, naye akainua wake.

Mwalimu alikaribia kulia. Uamuzi aliuandika kwa mkono wake mwenyewe: kwamba kumnyima mtu ngeli ya watu ni kumnyima utu wake, na kwamba huo ni ubaguzi wa rangi hata rangi isipotajwa. Wakatia sahihi wote watatu.

Wenzake walipoondoka alibaki akikusanya karatasi zake, mwili umechoka, roho imetulia. Karani akachungulia mlangoni na funguo mkononi.

"Mwalimu, yule mama na bintiye bado wapo kwenye benchi. Niwaambieje?"

"Kumbe bado vipo?" alisema Mwalimu, macho yakitafuta kifuniko cha kalamu. "Viambie vimeshinda."