Feni Mpya Nyumbani kwa Sadowski

"Baba yako yuko kwenye ngazi za chini tena," Mama alisema. "Mwambie apande. Kahawa inapoa."

Emmett Sadowski hakuinua uso. Baba yake, mzee Leonard, walimzika siku ya mvua ya barafu, na Emmett mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Mama, tafadhali. Leo mafundi wanakuja."

"Waje, warudi walikotoka."

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani, ikipakana na uzio wa dampo la zamani. Dampo lilifungwa Emmett akiwa bado shuleni, likafukiwa na kupandwa nyasi, na sasa mgeni angeliona kilima tu. Ila theluji haikukaa pale juu hata katikati ya Januari. Taka zilikuwa bado zinaoza na kutoa joto huko chini, na gesi yake ilitambaa ardhini ikapenya kwenye nyufa za sakafu, ikaingia majumbani mwa watu. Kila nyumba ilikuwa na bomba la kuinyonya na kuitupa juu ya paa, lakini mabomba yale ya zamani yalikuwa yamezidiwa. Msimu huu mtaa mzima ulikuwa unafungiwa feni mpya za kuivuta gesi hiyo, zenye nguvu.

Kwenye mkutano wa mtaa mtu mmoja alisema kwamba hewa ile ikizidi humlevya mtu, humchanganya, hata akaona yasiyokuwepo. Emmett akamkumbuka mama yake pale pale. Akawa wa kwanza kuomba nyumba yake itengenezwe.

Fundi mkuu, Rochelle Tubbs, aliingia na buti zenye tope, akapita jikoni moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba cha chini ya ardhi.

"Hata salamu hana!" Mama akafoka. "Na sakafu yangu hiyo!"

"Samahani," Emmett alimnong'oneza fundi.

"Ya nini, kaka?" Rochelle akajibu bila kugeuka. "Jiko lako safi kuliko langu."

Chini, Rochelle alimulika tochi kwenye feni ya zamani, akacheka.

"Hiki kidude kilikuwa kinavuta hewa au kinakoroma? Mmekaa ndani ya dampo lenyewe, ndugu yangu. Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo."

"Huoni mambo ya ajabu ajabu?"

"Mimi hapana. Mama ndiye. Anamwona baba, na baba alishafariki."

Kicheko kikamkauka Rochelle. "Pole sana. Ngoja tufanye hima, mama wa watu apumzike."

Mafundi walishinda wakitoboa zege, wakiziba nyufa, wakiunga mabomba mapya manene. Vyombo vilitetemeka kabatini. Emmett alimpashia mama yake supu ya kuku, lakini hakuigusa. Siku hizi chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Alikuwa amegeukia dirisha, akikitazama kilima.

"Unamfukuza baba yako," alisema.

"Baba hayupo, Mama. Ni gesi."

"Jana alinishika mkono. Gesi ina vidole, Emmett?"

Emmett akapiga magoti kando ya kiti cha Mama, mtu mzima mwenye mvi, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipovunja kitu.

"Baba ameshaondoka. Sitaki na wewe uniponyoke huku nakutazama, akili zikikuhama kidogo kidogo. Nataka tukae mimi na wewe, wewe mwenyewe, kwa muda uliobaki. Ni hilo tu."

Hasira ilikuwa imemwisha Mama. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayeng'ang'ania kwenda nje wakati wa baridi bila koti.

"Haya, mwanangu," alisema. "Waambie wawashe."

Feni ilipowashwa, nyumba nzima ilivuma kwa chini, taratibu, kama paka anayebembelezwa. Mama alisema amechoka, akapanda chumbani kwake bila kumuaga Leonard wake ngazini, ingawa alizoea kumuaga kila usiku. Emmett alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameuonja kwa miezi.

Asubuhi aliamka kichwa kikiwa chepesi. Kule chini ngazi zilikuwa tupu, na hapakuwa na sauti ya mtu anayeongea na hewa. Alijikuta akipiga mluzi huku akikaanga mayai ya watu wawili.

Rochelle alirudi kupima. Alizunguka na kipimo chake chumba chote cha chini, akakisogeza kwenye kila kona, kisha akapanda jikoni akitabasamu.

"Safi kabisa! Hewa ya mlimani hii. Mama aliamkaje?"

"Bado amelala."

"Kamwamshe, umpe habari njema. Mimi nafunga vifaa vyangu."

Emmett alipanda ngazi mbio mbio kama kijana. Alibisha hodi, akasubiri, akabisha tena. Akafungua.

Kitanda hakikuwa na godoro. Mapazia yalikuwa yameshushwa, na nguo za mama yake, alizozikunja Emmett mwenyewe wiki ile walipomzika mama, zilikuwa bado ndani ya maboksi, zimefunikwa na vumbi.

Alisimama pale mpaka gari la Rochelle lilipotokomea barabarani. Kisha akashuka chumba cha chini, akaizima feni, akapita akifunga madirisha yote, akaketi jikoni kumsubiri mama yake.