Chungu cha Kondo

Bi Mwanakheri alikuwa akiosha chungu kilichobeba kondo la nyuma la kila mtoto aliyezaliwa nyumba ile kwenda kuzikwa nyuma ya jiko. Zamani, mama yake alikiosha hivyo hivyo, ubani ukifuka, wanawake wakiimba uani.

Binti yake Mwajuma, mja mzito, akasimama mlangoni.

"Mama, sitazalia hapa. Nesi kasema kondo limeshuka, limekaa juu ya mshono wa zamani. Nimeshapasuliwa mara mbili. Nitatoka damu mpaka nife."

"Mimi nimezaa saba humu, tena mkunga akisinzia!"

"Wewe hukupasuliwa, mama."

Bi Mwanakheri akamwaga maji ya chungu. Kisha akavaa buibui.

"Huko hospitali, safari hii kondo watanipa?"

"Tutawaomba."

Njia nzima alikipakata chungu, akikipangusa kwa ncha ya kanga.