Buti za Mhandisi

Nani alipata wazo la kuziweka mezani? Buti za mpira, nyeusi, zimepauka visigino, pembeni ya picha ya marehemu na maua meupe. Binti yake wa pekee alizitupia jicho, akageuza uso. Jamani, hata leo zilimwaibisha!

Aliyezileta ni fundi wa zamu. Alishika kipaza sauti akasema, "Nyinyi mnaovuta maji chooni mkaondoka zenu mkipiga mluzi, kazi ya huyu mama hiyo. Mhandisi mkuu wa majitaka wa mji mzima, lakini shimoni anatangulia yeye. Akitoka, kabla hata ya kunawa uso, anauliza, 'Saa ngapi? Mwanangu atakuwa katoka shule.'"

Waombolezaji walicheka huku wanalia. Binti aliinamisha kichwa.

Alikuwa bado mtoto, mgeni shuleni, baba yake ndiye aliyemwandikisha, siku mama alipokuja kumchukua na buti hizohizo, ametoka kazini moja kwa moja. Wenzake waliziba pua. "Yule nani?" Akajibu kwa sauti, mwalimu wa darasa akasikia: "Shangazi yangu. Mama yangu ana kazi kubwa, husafiri." Kisha akatangulia mbio, mama akamfuata nyuma na mkoba wake wa madaftari.

Miaka yote jambo moja tu lilimpa usingizi: mama alikuwa getini, mbali, hakusikia. Angesikia angesema. Mama hakuwa mtu wa kumeza maneno, hata wakubwa wa ofisini walimwogopa.

Naye binti alikuwa na lake moyoni. Tangu siku ile mama hakukanyaga tena shule. Siku za wazazi, mama za wenzake walijaa, yeye akaletewa udhuru: bomba limepasuka, mtambo umeziba.

Zamu yake ya kuzungumza ilipofika, alisema, "Mama alinipenda. Kazi ilimnyima nafasi ya kuja shuleni kwangu, lakini alinipenda." Alikaa chini akijichukia. Mama amezikwa asubuhi, na yeye bado analalamika!

Watu walikuwa wametawanyika, viti vinapangwa, alipoingia bibi mmoja na mkongojo, anahema. Binti alimtambua mara moja. Mwalimu wake wa darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa, miguu hii hainisikii tena. Nimeambiwa mhandisi wa majitaka hatunaye, nikasema lazima nije. Pole sana."

Mwalimu alisogea mezani, akazigusa buti.

"Zilezile! Kila muhula alikuja nazo, nyinyi mko kwenye kipindi cha michezo. Anazivulia mlangoni asinichafulie sakafu. Anapitia madaftari yako yote, anauliza unakaa na nani, unacheka au unanuna. Halafu ananiapisha nisikwambie."

"Alikuja?" Binti alishika mkono wa mwalimu kwa mikono yake yote miwili. Alikuja! Kumbe mama alikuja! Machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaitazama picha usoni.

"Kila muhula, hakukosa." Mwalimu aliangaza macho sebuleni, kiti hadi kiti, kama anayetafuta mtu. "Ila mama yako, mwanangu, nisamehe, simwelewi. Kila nikimuuliza marehemu, ananijibu, 'Wifi yangu yuko safarini, mwalimu.' Sasa hata leo, kuja kumzika wifi yake, ameshindwa?"