Mvumo wa Gitaa la Uvira

Mpigaji mgeni alifungua mfuko wa gitaa jipya alilolinunua Lilongwe, na macho ya Mulenda yakaganda kwenye sumaku zilizo chini ya nyuzi: mbilimbili, zimebanana kama mapacha. Kumbe ndiyo maana magitaa ya namna hii hayavumi!

Lake la zamani, alilokimbia nalo kutoka Uvira, lilikuwa na sumaku mojamoja. Kila ibada hapa kambini Dzaleka lilivuma kama nyuki.

"Tubadirishane, ndugu," akasema. "Wimbo moja tu."

Alitaka mkewe, mwimbaji wa kwaya, asikie kwamba kosa ni la gitaa, si la mpigaji.

Mgeni akalivaa lile la zamani. Likavuma. Akageuka kidogo, akaipa amplifaya ubavu, na mvumo ukakatika.

"Njo dawa yake," akasema. "Gitare ya zamani haipendi kuangaliana na mashini."

Miaka tisa Mulenda alikuwa akipiga huku akiiangalia amplifaya.

Mgeni akapiga. Sauti ikatoka nyembamba, tamu, ya kuchoma. Mkewe Mulenda, asiyefumba macho kanisani ila kwa sala, akayafumba.

Mulenda akainama, akaushika waya kwenye amplifaya, kama mtu anayeukaza, akaulegeza.