Mkaja wa Fundi Shomari

Tangu aanguke kutoka paani na kuumia uti wa mgongo, kila Fundi Shomari alipokalishwa, damu ilimkimbilia miguuni na macho yakaingia giza. Jana alizimia na kikombe cha uji mkononi. Na leo, saa nne, alitakiwa amwoze binti yake kwa kinywa chake mwenyewe.

"Muuguzi kasema tumbo lifungwe, damu isishuke," alisema mkewe, Bi Nunu, akikunjua kitambaa kirefu kilichopauka.

Fundi alikitambua. "Huo si mkaja uliofungwa ulipomzaa bibi harusi wetu, Saumu?"

"Ndio huo. Vuta pumzi."

"Nikijifungua mapacha, mmoja mpe jina langu."

Bi Nunu hakucheka. Alikaza mpaka mbavu zikasalimiana, akamnywesha maji, akamvisha kanzu juu yake. Kisha akamgeukia shemeji yake, Kombo, aliyeshika kiti cha magurudumu.

"Ukiona midomo inapauka, mlaze nyuma na kiti chake. Usimsikilize."

Sebuleni, shehe alimshikanisha mkono na bwana harusi.

"Nimekuoza binti yangu..." Fundi akaanza, mara nzi weusi wakajaa machoni. Sauti za watu zikaenda mbali, kama wamehamia mji wa pili. Jina la mwanawe likampotea. Mkono wa kushoto ukapapasa tumboni, ukaukuta mkaja.

Kiti kikaanza kulala nyuma. Fundi hakuachia mkono. Bwana harusi akavutwa juu yake, kofia ikaanguka.

"Saumu," Fundi akaiambia dari.

Kofia ilikuwa bado inabingirika sakafuni, na watu wote wakisubiri jibu la bwana harusi.