Salamu za Saa Mbili Asubuhi

Kokushubira aliruka kutoka kwenye pikapu kabla haijasimama vizuri. Barua ya kumfukuza kazi Mzee Ndalahwa ilikuwa kwenye mkoba wake, na kwa hasira aliyokuwa nayo angeweza kuisoma kwa sauti palepale mwaloni, mbele ya wavuvi wote.

Mwalo wa Kigongo ulikuwa unanuka. Sangara wa siku tatu walilundikwa juani, matumbo yamefura, na korongo walikuwa wanajichagulia kama wako hotelini. Kwa siku tatu kompyuta ya hapa haikuiambia kompyuta ya kiwandani Nyakato ilete magari ya barafu. Wavuvi walimtazama akipita, na hakuna aliyemkaribisha.

Programu iliyounganisha mashine hizo mbili ilikuwa yake. Vipande vya kupelekeana ujumbe kwa waya wa simu vilikuja tayari kwenye diski. Aliviunga mwenyewe kwenye chumba chake cha biashara Mabatini, miezi miwili, mpaka macho yakamuuma. Ndalahwa alikuwa karani hapa tangu kituo kikiwa cha serikali. Kilipouzwa, mkurugenzi mpya, Bwana Josephat, alitaka kumwondoa. Kokushubira ndiye aliyemkingia kifua. Alisema mzee huyu atajifunza.

"Amebonyeza asichokijua," mkurugenzi alimwambia asubuhi hiyo, akimkabidhi barua. "Hapa Nyakato pazima, Obedi amekagua. Mpelekee wewe uliyemtetea. Mimi Kigongo sikanyagi."

Alimkuta mzee ofisini, amevaa koti, ameketi wima mbele ya kompyuta. Kitambaa cha kudarizi cha kuifunikia kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni.

"Umeifanya nini hii mashine?"

Mzee alimgeukia. "Hata wewe leo huniamkii?"

Kokushubira aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sijaigusa. Nasubiri, kama ulivyonifundisha."

Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja tu: KIGONGO INASUBIRI KUAMKIWA.

Hayo maneno aliyaweka yeye. Ili mashine mbili zizungumze, lazima moja ianze na nyingine iitikie. Maelezo ya kwenye diski yalikuwa ya Kiingereza, na mzee hayakumwingia, kwa hiyo Kokushubira akaweka anachokijua mzee. Kila kituo alikipa umri, na orodha ya umri wa vyote viwili akaiweka kwenye kila mashine. Kigongo miaka hamsini na minane, umri wa Ndalahwa mwenyewe. Nyakato ishirini na sita, umri wake yeye. Mdogo ndiye anayeanza. Kila siku saa mbili asubuhi Nyakato iliandika Shikamoo, mzee akabonyeza Marahaba, na baada ya hapo ujumbe ukapita huku na huku mpaka jioni. Bila salamu, hakuna kinachopita.

Siku ya mafunzo mzee aliuliza swali moja tu: anayeniamkia hapa ni nani? Kokushubira alikuwa anawahi gari. "Ni mkurugenzi, mzee," alijibu, akaondoka.

Sasa alivuta kiti, akafungua faili la umri. Kigongo hamsini na minane, Nyakato ishirini na sita, vilevile. Mzee kweli hakuwa amegusa kitu. Akachomoa waya wa simu kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye simu, akampigia Obedi, fundi wa Nyakato.

"Nisomee umri wa mashine yenu."

Obedi aliusoma kwa sauti ya chini. "Sabini."

"Sabini kaandika nani?"

"Dada, mimi niliagizwa. Jumatatu mkurugenzi alikuwa na wageni. Wakaona kwenye kioo mashine yake inaiamkia Kigongo, wakacheka. Akasema yule mtu hamwamkii, hata kwa mashine. Akanikataza nisikuambie."

Kokushubira alikata simu bila kuaga. Mashine mbili zimekaa siku tatu, kila moja inajiona ndiyo kubwa, na samaki wa watu wanaoza. Na mtu mzima, mwenye kiwanda, mwenye magari, alijua. Alijua, na bado akakaa chini akaandika barua ya kumfukuza mwenzake, kisha akampa yeye aipeleke kama mjinga.

Aliitoa barua kwenye mkoba, akaichana mara mbili, akavitupa vipande mezani.

"Rudi kazini kwako, mzee. Kesho saa mbili utaamkiwa. Nitasimama juu ya kichwa chake mpaka aone."

Ndalahwa aliviokota vipande kimoja kimoja, akaviunganisha mezani mpaka sahihi ikakaa sawa. Akaikodolea macho kwa muda mrefu.

"Mwandiko wake ni uleule," alisema.

Akachukua kitambaa, akaifunika kompyuta, akakinyoosha pembe zote nne.

"Tangu tumzike mama hakuwahi kuniamkia, mpaka ulipoleta hii mashine. Ukifika Nyakato, mwanangu, niulizie kwa mdogo wangu Josephat: Jumatatu nimemkosea nini tena?"