Mnyapara na Maziwa ya Ausi

Kabla Mwamina hajamfikishia mzee Ausi kikombe chake, mnyapara Fidelis alikwisha kukinyakua na kupiga funda la kwanza.

"Maziwa ya mgonjwa hayo, bwana."

"Wamwera mmeanza lini kunywa maziwa? Mpe muhogo." Akayamaliza, akamrudishia kikombe kitupu.

Wahudumu wengine wakacheka. Katika ile nyumba ya wasiojiweza pale Nachingwea, kucheka ndiyo kazi waliyoiweza. Fidelis alisema ni Mngoni wa Songea tangu siku aliyoletwa kuwasimamia, na Mngoni kwa Mmwera ni mtani. Akikutukana, unacheka. Akikunyang'anya, unamwachia. Ukienda kumshtaki, unakuwa kichekesho cha mji mzima.

Ausi hakucheka. Mti ulimvunja mgongo walipokuwa wakifyeka pori la mashamba ya karanga, na daktari aliagiza apewe maziwa kila siku. Sasa mbavu zake zilionekana hata juu ya shuka. Mwamina alimgeuza, akamsafisha vidonda. Akamlaani mnyapara chinichini kwa Kimwera. Fidelis, aliyekuwa mlangoni, akaangua kicheko.

"Vumilia," alisema Magreti, mhudumu mwenzake. "Siku wakifiwa kwao, na wewe utamtania mpaka akome."

Haikuchukua muda. Mama yake Fidelis alifariki huko Mbwemkuru, na wahudumu wakapanda lori kwenda kuhani.

Mwamina alishuka na kanga ameikaza kiunoni. Mtani msibani hakatazwi kitu, naye alikuja kulipiza yote. Alimpaka Fidelis majivu usoni. Akamwambia mbele za watu kwamba analia kama mbuzi. Kisha akaibeba sufuria ya nyama ya wafiwa, akatangaza kwamba haitui mpaka mnyapara aahidi, pale pale, kumwachia Ausi maziwa yake.

Hakuna aliyecheka. Fidelis alitazama chini, majivu yakimdondoka kidevuni.

Bibi mmoja, dada wa marehemu, akainuka mkekani. Akamtua Mwamina ile sufuria taratibu, akamwuliza kwa Kimwera:

"Mwanangu, unamtania nani? Sisi hapa ni Wamwera wenzio, tangu mababu."